Barabara ya Ukumbusho

Rafiki yangu, ambaye tulisoma pamoja chuo cha ualimu miaka ya sabini, ana binti anayefanya kazi mjini Melbourne, Australia. Mwaka 2023 alipokwenda kumwona mjukuu wake alinishawishi tufuatane. Tulipokuwa huko, binti alituazima gari na kutuhimiza tusirudi Tanzania kabla ya kuipita barabara ya pwani iitwayo Great Ocean Road. Rafiki yangu alishika usukani bila wasiwasi, maana huko nako magari hupita kushoto kama kwetu.

Barabara hiyo huanzia Torquay na kuishia karibu na Allansford, mwendo wa kilomita 243. Sisi tulielekea magharibi, hivyo bahari ilikuwa kushoto kwetu, na kulia majabali yaliyochongwa wima. Kona ni nyingi, na kila kona inafungua ghuba nyingine. Nilikuwa nikitazama mawimbi tu kama mtoto, mpaka tulipofika mahali paitwapo Eastern View, tukakuta lango la magogo limevuka barabara. Kando yake pana sanamu ya vibarua wawili. Tuliegesha gari, tukashuka kusoma maandishi.

Ndugu msomaji, barabara ile ni mnara. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha mwaka 1918, Australia ilikuwa imepoteza watu wapatao 60,000, na nchi nzima haikuwa na watu milioni tano na nusu. Waliorudi walihitaji kazi. Meya wa Geelong, Howard Hitchcock, aliongoza juhudi za kuchangisha fedha ili barabara ijengwe kwa mikono ya askari waliorudi, kuwakumbuka wenzao waliokufa. Kazi ilianza Septemba 1919. Askari wapatao 3,000 walifanya kazi hiyo kwa nyakati mbalimbali, wakikata majabali kwa sururu, sepetu, toroli na baruti, na kulala kwenye mahema. Barabara ilifunguliwa rasmi Novemba 1932. Hitchcock mwenyewe alikuwa amefariki miezi michache kabla.

Lango nalo si lile la kwanza. Mwaka 1983 moto mkubwa wa msituni uliteketeza lililokuwapo, wakalijenga jingine. Hilo lilinigusa kuliko ukubwa wa barabara. Mti huungua, lakini watu waliotaka kukumbuka walirudi na magogo mapya.

Rafiki yangu alinigeukia akasema, "Mwalimu, babu yako si alikufa katika vita hii hii?"

Nikasema ndiyo.

"Naye ameandikwa wapi?"

Sikuwa na jibu.

Babu yangu, mzaa baba, alichukuliwa kutoka Ugogo mwaka 1917, wakati Waingereza walipokuwa wakiwasukuma Wajerumani kusini. Hakuwa askari. Alikuwa mpagazi, mtu wa kubeba mizigo ya askari kichwani, mahali ambapo wanyama walikufa kwa mbung'o na malori hayakupita. Waingereza peke yao waliwatumia wapagazi wapatao milioni moja katika vita hivyo. Waliohesabiwa kufa wanazidi 95,000, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa, si kwa risasi. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na kambi yake mjini Dar es Salaam ndiyo iliyoacha jina la Kariakoo. Leo tunanunua nyanya na vitenge juu ya kumbukumbu yao bila kujua. Huko Ugogo, baada ya vijana na ng'ombe kuchukuliwa na majeshi yote mawili na mvua kukosekana, ikaja njaa ya Mtunya, iliyoua maelfu ya watu.

Sanamu ya Askari ilisimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927. Ni sanamu nzuri, lakini huwezi kusoma hapo jina la mtu. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina, na huenda wengine hawakukumbukwa kabisa.

Ni rahisi kuwalaumu wakoloni, na lawama hiyo ni haki yao. Lakini nikiwa nimesimama chini ya lango lile nilijikuta nikijilaumu mwenyewe. Nilifundisha historia miaka mingi kabla sijawa mwalimu mkuu. Wanafunzi wangu walijua mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, walijua Lettow-Vorbeck alisalimu amri Abercorn mwaka 1918. Sikuwahi kuwaambia kwamba babu yangu alikuwamo. Niliona kwamba mpagazi si habari ya kufundishwa.

Na jina lake nilikuwa nalo muda wote, kwa sababu ndilo nililopewa nilipozaliwa. Bibi, aliyenilea, hakuniita kwa jina hilo hata siku moja. Aliniita "mume wangu", kama bibi wengi wanavyowatania wajukuu wao. Mimi nilidhani ni utani tu.

Tuliendelea na safari hadi yale majabali yaliyosimama baharini yaitwayo Twelve Apostles. Jua lilikuwa likizama. Jabali mojawapo lilianguka Julai 2005, na bahari inaendelea kuyala yaliyobaki. Rafiki yangu alinipa chai ya chupa, hatukusema mengi.

Niliporudi nyumbani nilikwenda kijijini kuwauliza wazee wawili waliobaki, ambao baba zao waliwahi kuwasimulia habari za vita ile. Niliwauliza ni nani waliochukuliwa pamoja na babu. Walibishana kutwa nzima, wakakubaliana majina matatu. Ya wengine yamepotea. Nimeyaandika hayo matatu kwenye daftari, na nakala nimeipeleka shule ya kijiji, ambako mwalimu wa historia aliahidi kuyasoma darasani.

Jina la nne halikuhitaji kutafutwa. Limo kwenye jalada la kitabu hiki. Msomaji akilisoma, ajue kwamba lilikuwa la mpagazi kabla halijawa la mwalimu.