Wanyama Waliohamishwa ili Wawindwe

Katika nchi yetu wanyama wa mwitu walikuwako kabla ya bunduki. Iko nchi ambayo bunduki ilitangulia, kisha wanyama wakaletwa ili ipate kazi. Nchi hiyo ni New Zealand.

Visiwa vile havikuwa na mnyama wa asili wa nchi kavu anyonyeshaye, ila popo tu. Wazungu waliohamia huko walitamani mawindo ambayo kwao Uingereza yalikuwa ya mabwana wenye mashamba makubwa. Basi tangu miaka ya 1850 waliagiza ayala wekundu kwa meli, wakawaachilia milimani, na sheria ikawalinda. Mwaka 1904 waliletwa mbuzi mwitu wa Himalaya. Mwaka 1905 waliachiliwa wapiti, ayala wakubwa wa Marekani, zawadi ya Rais Theodore Roosevelt. Huyo ndiye aliyeshuka Mombasa mwezi wa Aprili 1909 kuja kuwinda kwetu. Katika safari hiyo, iliyokwisha Khartoum mwaka 1910, yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512.

Kule New Zealand hapakuwa na simba wala chui wa kuwapunguza ayala. Walizaana mno, wakala miche ya msitu, wakaingia malisho ya kondoo. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu hakupewa jembe. Alipewa sheria ya kumlinda. Mwaka 1930 serikali iliondoa ulinzi huo, ikaajiri watu wa kuwaua wanyama walewale. Baadaye walipigwa risasi kutoka katika helikopta, na nyama ikauzwa ng'ambo. Hata leo kazi haijakwisha, na wawindaji hubishana na serikali wasije wakamalizwa.

Nasi tunayo ya kukumbuka. Zamani za ukoloni, mzee aliyetega mtego alihesabiwa mhalifu, na mgeni mwenye leseni aliitwa mwindaji. Mwaka 1977 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji kwa wote. Lakini huko na huku, wenye kuamua walikuwa mbali na mashamba.

Basi likija shauri la wanyama, liwe la kuwaleta, kuwahamisha au kuwalinda, twaona yafaa aulizwe kwanza mwenye shamba; maana ndiye atakayekesha akilinda mahindi yake.