Kesi Iliyotangulia Risasi
Jinsi Cincinnati ilivyopata mkataba kati ya watu weusi na polisi

Machi 2001, kesi moja ilifunguliwa katika mahakama ya shirikisho mjini Cincinnati, jimbo la Ohio, Marekani. Walioifungua walikuwa Cincinnati Black United Front, umoja wa wanaharakati na viongozi wa dini wa watu weusi, wakishirikiana na tawi la Ohio la ACLU, chama kinachotetea uhuru wa raia. Walidai kwamba kwa miaka mingi polisi wa jiji hilo wamekuwa wakiwasimamisha watu weusi barabarani, kuwapekua na kutumia nguvu dhidi yao kwa sababu ya rangi yao tu.

Wiki chache baadaye, usiku wa kuamkia Jumamosi ya tarehe 7 Aprili, askari Stephen Roach alimpiga risasi kijana wa miaka 19, Timothy Thomas, katika kichochoro cha mtaa wa Over-the-Rhine. Kijana huyo hakuwa na silaha. Alikuwa akitafutwa kwa hati 14 za kukamatwa, nyingi zikiwa za makosa ya barabarani: kuendesha gari bila leseni, kutofunga mkanda.

Naanza na mpangilio huu wa tarehe kwa makusudi. Habari za Cincinnati husimuliwa kuanzia kwenye moto na vioo vilivyovunjwa, kana kwamba watu waliamka siku moja wakakumbuka hasira. Ukweli ni kwamba kabla ya risasi ile walikuwapo watu waliokuwa wakizunguka mitaani wakisikiliza na kuandika: nani alisimamishwa, wapi, saa ngapi, aliambiwa nini, alifanywa nini. Mmoja wao alikuwa Iris Roley wa Black United Front. Masimulizi hayo ndiyo yaliyogeuka kuwa kesi.

Mji wenyewe una historia nzito. Umekaa ukingoni mwa Mto Ohio, na ng'ambo ya mto ni Kentucky, lililokuwa jimbo la utumwa hadi baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Waliotoroka utumwa walivuka hapo wakitafuta uhuru, lakini mara kadhaa katika karne ya 19 umati wa watu weupe ulivamia nyumba za weusi wa Cincinnati. Katikati ya karne ya 20, sehemu kubwa ya mtaa wa weusi wa West End ilibomolewa kupisha barabara kuu na viwanda, na maelfu ya familia wakahamia Avondale na Over-the-Rhine. Mwaka 1967 na 1968 Avondale iliwaka. Zikaundwa tume, zikaandika ripoti, nyingine ikafuata. Mwaka 1981 ilibidi amri ya mahakama itumike ili jeshi la polisi liajiri na kupandisha vyeo watu weusi na wanawake.

Kufikia Aprili 2001, wanaume weusi 15 walikuwa wameuawa katika makabiliano na polisi tangu 1995, Thomas akiwa wa mwisho. Ni lazima haki itendeke hata katika kuhesabu: baadhi yao walikuwa na silaha, na wapo waliowaua au kuwajeruhi askari. Lakini wapo pia waliokuwa kama Roger Owensby, aliyekufa Novemba 2000 akiwa mikononi mwa askari. Kwa mama mwenye mtoto wa kiume katika Over-the-Rhine, hesabu hiyo ilimwambia jambo moja tu.

Jumatatu ya tarehe 9 Aprili, mama yake Thomas, Angela Leisure, alikwenda ukumbi wa baraza la jiji pamoja na umati wa waandamanaji. Alitaka kujua kwa nini mwanawe aliuawa. Walikaa humo kwa saa kadhaa na hawakupewa jibu. Jioni umati ukaelekea kituo cha polisi, na kuanzia hapo mji ukachafuka kwa siku nne. Maduka yalivunjwa, moto ukawashwa, mamia wakakamatwa. Tarehe 12 Meya Charlie Luken akatangaza hali ya hatari na amri ya kutotoka nje usiku. Thomas alizikwa Jumamosi, siku moja kabla ya Pasaka. Ibada ilifanyika katika kanisa la New Prospect Baptist, ambalo mchungaji wake, Damon Lynch III, ndiye aliyekuwa kiongozi wa Black United Front.

Hapo ndipo kesi ile ya Machi ilipoonyesha thamani yake. Machafuko yalipotulia, palikuwa tayari na faili mezani, na jaji. Jaji Susan Dlott angeweza kuisikiliza kwa njia ya kawaida, mashahidi wapande kizimbani, miaka ipite, mmoja ashinde na mwingine akate rufaa. Wakili wa walalamikaji, Al Gerhardstein, alikuwa ameshazishinda kesi za namna hiyo huko nyuma, wateja wake wakalipwa, na polisi wakaendelea vilevile. Pande zote zikakubali kujaribu njia nyingine. Jaji akamteua Jay Rothman, msuluhishi wa migogoro, awaulize watu wa Cincinnati wenyewe: mnataka uhusiano gani na polisi wenu, kwa nini mnautaka, na ufikiwe vipi?

Watu wapatao 3,500 walijibu. Waligawanywa makundi manane: weusi, weupe, vijana, wafanyabiashara, viongozi wa dini na wahudumu wa jamii, watumishi wa jiji, watu wa jamii nyingine ndogo, na polisi pamoja na familia zao. Hilo la mwisho ndilo ninaloliona kuwa la busara kuliko yote. Mke wa askari naye hukesha akisubiri mlango ufunguliwe. Makundi hayo yalipokutana na kulinganisha majibu, yaligundua kwamba mambo mengi waliyoyataka yalifanana, hasa heshima na uwajibikaji wa pande zote.

Isidhaniwe kwamba ulikuwa msimu wa kukumbatiana. Kiangazi cha 2001 askari walipunguza ukamataji, na risasi zikaongezeka mitaani. Septemba 26 mahakama ilimwachia huru Roach, askari aliyemuua Thomas. Mchungaji Lynch, aliyekuwa miongoni mwa wenyeviti wa tume ya maridhiano ya meya, aliondolewa na meya huyohuyo kwa sababu ya barua yenye shutuma kali dhidi ya polisi. Wanaharakati wakaitisha mgomo wa kuususia mji, na mwaka 2002 wasanii wakubwa, Bill Cosby na Whoopi Goldberg wakiwamo, wakafuta maonyesho yao. Watu walewale waliokuwa wakisusia mji mchana walikuwa wakijadiliana na mawakili wake mezani. Wapo waliowaita ndumilakuwili. Kwa maoni yangu, bila shinikizo la nje, meza ile isingedumu hata mwezi.

Aprili 2002, mwaka mmoja baada ya kifo cha Thomas, mkataba ukatiwa saini. Waliosaini ni jiji, Black United Front, ACLU na FOP, chama cha askari polisi wenyewe. Sambamba nao, jiji lilisaini makubaliano na Wizara ya Sheria ya Marekani kuhusu matumizi ya nguvu: lini askari apulizie dawa ya kuwasha, lini amwachie mbwa, lini amkimbize mtu kwa miguu. Iliundwa mamlaka huru ya kupokea malalamiko ya wananchi, yenye wachunguzi wake. Na kubwa zaidi, polisi waliahidi kubadili namna ya kufanya kazi. Badala ya kukamata watu walewale kwenye kona ileile kila wiki, wakae na wakazi watafute chanzo: ni jengo lipi lina mwenye nyumba asiyejali, ni kona ipi haina taa. Kisha wachukue hatua na warudi kupima kama imesaidia. Msomaji wa kwetu anayejua polisi jamii ataitambua fikra hiyo. Tofauti ni kwamba kule iliandikwa katika hati iliyosimamiwa na jaji.

Usimamizi huo ulihitajika. Msimamizi huru, Saul Green, aliyewahi kuwa mwendesha mashtaka wa serikali kuu huko Detroit, alikumbana na ukaidi. Mwaka 2003 Black United Front yenyewe ilijitoa. Mwishoni mwa mwaka huohuo Nathaniel Jones, mtu mweusi mwenye umri wa miaka 41, alikufa baada ya kupambana na askari nje ya mgahawa. Ilifika mahali polisi wakamfukuza makao makuu mjumbe wa timu ya Green, na mwaka 2005 jaji akaamua kwamba jiji limevunja mkataba. Baada ya uamuzi huo mambo yalianza kusogea kweli. Usimamizi wa mahakama ulimalizika 2008.

Matokeo yake yanapimika. Watafiti Robin Engel na John Eck walionyesha kwamba kati ya 1999 na 2014 matukio ya polisi kutumia nguvu yalipungua kwa asilimia 69, majeruhi miongoni mwa wananchi kwa asilimia 42, na miongoni mwa askari kwa asilimia 56. Takwimu hiyo ya mwisho yafaa isomwe na kila askari anayeamini kwamba kumheshimu raia ni kujiweka hatarini. Mkuu wa polisi wa miaka ile, Tom Streicher, aliyeupinga mkataba mwanzoni, baada ya kustaafu aliungana na Scott Greenwood, mmoja wa mawakili waliolishtaki jeshi lake, wakawa washauri wa miji mingine juu ya njia hiyohiyo.

Lakini mkataba humfunga aliyeusaini. Julai 19, 2015, Ray Tensing, askari wa Chuo Kikuu cha Cincinnati, alimsimamisha Samuel DuBose nje ya chuo kwa kosa la gari kukosa kibao cha namba mbele, na baada ya dakika chache akampiga risasi kichwani. Polisi wa chuo hawakuwa sehemu ya makubaliano ya 2002. Kamera aliyovaa askari huyo ilirekodi tukio lote, akafunguliwa mashtaka ya mauaji, na mara mbili wazee wa baraza wakashindwa kuafikiana. Mwaka 2016 chuo kilikubali kuilipa familia dola milioni 4.85, kikaweka nacho msimamizi wa nje.

Mwaka uliofuata, jiji lilimwita tena Saul Green aupitie mkataba wa zamani na kuangalia ni wapi umelegea. Iris Roley, aliyekuwa akiandika masimulizi ya watu kabla Timothy Thomas hajauawa, alikuwa bado anahudhuria vikao vya mkataba huo.