Matengenezo ya Shule na Kipimo Chake

Katika kitabu cha jubilii watu hupenda kusoma habari za majengo na za walimu wa kwanza, na ni vyema. Walakini yatupasa kuuliza na neno jingine: shule zilipotengenezwa upya, je, watoto walijua zaidi? Hapa Kariakoo, mahali palipopewa jina kwa ajili ya wapagazi wa jeshi la Waingereza katika vita vya 1914-1918, mwuza nyanya hajui faida yake kwa kuhesabu alizouza tu. Huhesabu na zilizooza ndani ya tenga. Nasi twataka kuzipima shule kwa hesabu ya namna hiyo.

Tengenezo la kwanza lilikuwa la mlango. Mpaka mwisho wa 1961 shule za nchi ziligawanywa kwa rangi ya watu, na uwanja wa Mnazi Mmoja ulikuwa mpaka kati ya mitaa ya Waafrika na mitaa mingine ya mji. Mwaka 1962 mgawanyo huo ukaondolewa kwa sheria. Baadaye, ada ilipofutwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) kuanza mwaka 2002, mlango ulifunguliwa wazi kabisa: wanafunzi wapata milioni 4.4 wa mwaka 2000 wakawa zaidi ya milioni 7.5 mwaka 2005. Ni kazi kubwa, wala hatuidharau. Lakini kuhesabu vichwa si kupima elimu.

Hata mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012 ukaja kama msiba, maana katika matokeo yaliyotangazwa kwanza zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Ndipo mwaka 2013 serikali ikaanzisha Matokeo Makubwa Sasa. Shule zote zikapangwa kwa daraja, katika nchi nzima na katika kila wilaya, na orodha ikatangazwa hadharani ili kila mzazi aone. Wataalamu waliochungua matokeo ya shule za msingi za nchi nzima, tangu 2011 hata 2016, waliona kwamba shule zilizokuwa mkiani mwa wilaya zao zilipanda. Mtu akiishia hapo atashangilia. Lakini wataalamu hao hao waliona na jambo la pili: katika shule hizo baadhi ya watoto waliachwa nyuma makusudi, wasifike darasa la saba, wasije wakaishusha shule. Orodha haikuwataja, kwa kuwa ilihesabu waliofanya mtihani tu. Twasema wazi kwamba hao ndio nyanya za chini ya tenga. Tena twaikumbuka Uhuru Mchanganyiko, hapa hapa Kariakoo, ambako watoto wasioona husoma pamoja na wenzao. Orodha ya wastani itaonyeshaje kazi ya mwalimu wa shule kama hiyo?

Jaribio jingine lilipimwa kwa uangalifu zaidi. Mwaka 2013 na 2014 Twaweza walifanya KiuFunza katika shule 350 za wilaya 10. Shule nyingine zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mtoto. Katika nyingine mwalimu aliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto aliyefaulu somo lake. Nyingine zilipata yote mawili. Na nyingine hazikupewa kitu, ili ziwe kipimo. Kura ndiyo iliyochagua. Ruzuku peke yake haikuongeza maarifa ya watoto. Ahadi peke yake ilizaa kidogo, tena si kwa hakika. Vilipokwenda pamoja, watoto walijua zaidi waziwazi. Mwalimu asiye na vitabu hawezi kutimiza bidii yake, na vitabu bila bidii hukaa kabatini. Walimu wetu walikuwa wakisema hivyo kabla ya hesabu hizi.

Mwanzoni mwa 2023 Baraza la Mitihani lilitangaza kwamba limeacha kutaja shule kumi bora. Wengine walisikitika, hasa wenye shule zilizozoea kutajwa. Sisi twaomba walimu wa parokia waweke daftari moja: majina ya walioingia darasa la kwanza, na mbele ya kila jina, mtoto huyo alifika wapi.