Jiwe Lililokataliwa Hiroshima

Likitajwa jiwe la Katanga, twafikiria shaba. Lakini historia yatukumbusha pia Shinkolobwe, ilikotoka sehemu kubwa ya urani waliyoitumia Wamarekani kuunda mabomu yao ya kwanza ya atomiki. Tarehe 6 Agosti 1945, Hiroshima iliteketea. Kwa hiyo habari ya jiwe jingine, lililokusudiwa kuwakumbuka wafu wa mji ule, yatuhusu.

Mbunifu wake alikuwa mchongaji Isamu Noguchi, aliyezaliwa Los Angeles mwaka 1904 na mama Mmarekani na baba Mjapani. Baba huyo, mshairi Yone Noguchi, aliandika vitabu juu ya Hokusai na Hiroshige, mabingwa wa picha zilizochapwa kwa vibao vya mti. Katika picha zile mstari ni mchache, na nafasi iliyoachwa tupu ina uzito sawa na kitu kilichochorwa. Mwaka 1927 Isamu alimsaidia kazi Constantin Brancusi mjini Paris, akajifunza kuondoa kila kisicho cha lazima mpaka libaki umbo lenyewe.

Asili hiyo ya pande mbili ilimgharimu. Mwaka 1942, Marekani ilipowafungia kambini raia wake wenye asili ya Japani, yeye aliingia kambi ya Poston kwa hiari, ili awe pamoja nao. Miaka kumi baadaye, msanifu Kenzo Tange alimwomba abuni kumbukumbu ya wafu wa Hiroshima. Noguchi alibuni tao zito la graniti nyeusi, ambalo miguu yake ingeshuka ardhini, yatakapohifadhiwa majina ya marehemu. Kamati ilikataa, kwa kuwa alikuwa Mmarekani.

Hata hivyo hakuliacha jiwe. Mwaka 1969 alikamilisha «Jua Jeusi», duara kubwa la graniti lililochongwa katika kisiwa cha Shikoku, Japani, na kusimamishwa Seattle, Marekani. Halina sura ya mtu wala ya mnyama. Katikati lina tundu, na mtazamaji huuona mji kupitia pale pasipo na kitu.

Jiwe letu lilichukuliwa bila sisi kuulizwa, nalo likaua. Jiwe lake la maombolezo lilikataliwa kwa sababu ya uraia wake. Nasi, katika matanga ya mikoa yetu, je, hatumuulizi kwanza mwombolezaji kabila lake, kabla ya kumpisha akae?