Msaada wa karo kwa wanaosomea ufundi kwa masafa

ELIMU ya masafa humwezesha fundi, karani au mzazi kujiendeleza bila kuacha kazi. Hata hivyo, karo, ada ya mtihani na gharama za intaneti bado humkodolea macho. Zaidi ya hayo, kozi kama vile uashi na umeme haziwezi kukamilika bila mwanafunzi kufika kwenye karakana, hivyo nauli haiepukiki.

Nchini Kenya, chimbuko kuu la mikopo ni Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB), iliyobuniwa kwa sheria ya Bunge mwaka wa 1995.

Mnamo 2018, serikali ilianza kumlipia mwanafunzi wa chuo cha kiufundi cha umma Sh30,000 kwa mwaka. Karo ilikuwa Sh56,420, na salio la Sh26,420 lingeweza kulipwa kwa mkopo wa HELB. Mfumo mwingine ulianzishwa 2023, ambapo gharama iligawanywa kati ya ufadhili, mkopo na mchango wa familia kwa kuzingatia uwezo wake.

Mpango huo wa 2023 uliwalenga wanaoteuliwa kujiunga na vyuo vya umma kupitia shirika la KUCCPS. Anayejisajili chuoni moja kwa moja, jinsi wafanyavyo wengi wanaosoma kwa masafa, anapaswa kuuliza mapema iwapo kozi yake inafadhiliwa. Wenye mishahara wana mkopo wao wa HELB uitwao Jielimishe. Asiye na mshahara anaweza kuomba basari ya kaunti au ya hazina ya eneobunge, NG-CDF, akiwa na barua ya chuo, kitambulisho na orodha ya karo.

Kabla ya kulipa hata shilingi, ni muhimu kuthibitisha kwamba chuo na kozi vimeidhinishwa na TVETA, mamlaka iliyoundwa chini ya sheria ya mafunzo ya kiufundi ya 2013.

Basari hairejeshwi, lakini mkopo ni deni. Mkopo wa kawaida wa HELB hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na anayechelewa kulipa hutozwa faini ya Sh5,000 kila mwezi. Kuacha masomo njiani hakufuti deni hilo.