Unene wa usukani: Porsche 911 ya 1963 na wajukuu zake

Leo tarakilishi tuiweke kando kidogo, wasomaji wangu, ingawa itajirudisha yenyewe kabla hatujamaliza. Nataka tuzungumze kuhusu usukani wa gari, na hasa jambo moja ambalo wapenzi wa magari hulibishania hadi usiku wa manane: unene wake. Sisemi ukubwa wa duara. Nasema unene wa ule ukingo ambao vidole vyako vinauzunguka unapoendesha. Gari nililochagua ni Porsche 911, kwa sababu limekuwa likitengenezwa tangu miaka ya 60 bila kukatizwa, injini ikiwa nyuma muda wote huo, kwa hivyo ukilinganisha toleo moja na jingine unalinganisha watu wa ukoo mmoja.

Kwanza namna ya kupima, maana wengi hupima kwa macho na macho hudanganya. Chukua uzi, uzungushe mara moja kwenye ukingo pale unapoweka mkono, kisha upime urefu wake kwa rula na ugawanye kwa 3.14. Uzi wa milimita 110 unakupa unene wa milimita 35. Pima pale mikono inapokaa, yaani saa tatu na saa tisa (bahati njema, ukisoma saa kwa Kiswahili au kwa Kizungu jibu ni lile lile, mikono inabadilishana nafasi tu). Halafu pima na chini pia. Kwenye usukani wa zamani utapata kipimo kile kile kila mahali. Kwenye usukani wa kisasa hutapata, kwa kuwa ukingo una vinundu vya kuegemeza vidole gumba, na ukiukata kwa msumeno hutaona duara bali umbo kama la yai. Kwa hivyo mtu akikutajia nambari moja tu, muulize amepima wapi.

Sasa turudi mwanzo. Gari hili lilionyeshwa Frankfurt mwezi wa Septemba 1963 likiitwa 901. Peugeot wakadai kwamba majina ya tarakimu tatu yenye sifuri katikati ni yao, na Porsche wakabadilisha sifuri kuwa moja. Usukani wa magari yale ya kwanza ulikuwa mkubwa, wenye kipenyo cha kama milimita 400, na ukingo wake ulikuwa wa mbao, mwembamba, laini, kama mpini wa jembe dogo uliokunjwa ukawa duara.

Ukubwa huo ulikuwa na kazi. Hapakuwa na pawa stiringi. Usukani ni wenzo: kadiri mkono wako unavyokuwa mbali na katikati ya duara, ndivyo unavyohitaji nguvu kidogo kuzungusha magurudumu. Punguza kipenyo kutoka milimita 400 hadi 360, na mkono wako utalazimika kuongeza nguvu kwa kama asilimia 11 kufanya kazi ile ile. Lakini 911 ilikuwa na bahati ambayo magari mengi ya wakati ule hayakuwa nayo. Injini ilikaa nyuma kabisa, mbele kukabaki pepesi. Gari zima lilikuwa na uzito wa kama kilo 1,080, na tairi za mbele zilikuwa na upana wa milimita 165 tu, nyembamba kuliko za magari mengi ya familia unayoyaona barabarani leo. Dereva hakuhitaji kuukumbatia usukani kwa kiganja kizima. Aliushika kwa vidole, karibu kama mtu anavyoshika kalamu.

Na hapo ndipo sifa ya 911 ilipozaliwa. Kutoka kwenye tairi hadi kwenye vidole kulikuwa na vyuma tu: raki, pinioni, mhimili, kisha mbao. Kila kokoto na kila badiliko la lami lilipanda hadi mkononi. Tairi za mbele zilipoanza kuteleza, usukani ulilegea kidogo kabla gari halijapoteza njia, na dereva aliyezoea alijua mapema. Gari lenye injini nyuma linaweza kukugeukia kwa hasira ukikosea kwenye kona, kwa hivyo habari hiyo haikuwa starehe tu. Ilikuwa onyo.

Mbao hazikudumu. Zikivunjika kwenye ajali hutoa vibanzi, na mkono wenye jasho huteleza juu yake. 911 S ya 1967 ilikuja na ukingo uliovikwa ngozi. Ngozi inahitaji kitu cha kukalia, na hapo unene ukaanza kuongezeka kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka.

Lakini ukitaka kujua nani hasa alitufundisha kupenda usukani mnene, itabidi tuvuke milima twende Italia. Gianpiero Moretti alikuwa dereva wa mbio wa Milano aliyejilipia mwenyewe. Katika miaka ya 60 alienda kwa fundi mdogo akamwagiza amtengenezee usukani wa gari lake, wenye ukingo mnene na wa kushikika vizuri kuliko zilizokuwa zikitumika wakati ule. John Surtees, dereva wa Ferrari, akauona na kuupenda, ukafungwa kwenye gari lake, na mwaka 1964 Surtees akawa bingwa wa dunia wa Formula 1. (Ndiye mtu pekee aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa pikipiki na wa Formula 1 pia.) Moretti akageuza jambo hilo kuwa biashara na kuiita MOMO, yaani Moretti na Monza.

Angalia vizuri ni tatizo gani alilokuwa akilitatua. Gari la mbio lilikuwa na usukani mdogo kwa sababu nafasi ni finyu na kona zinakuja haraka. Usukani mdogo unadai nguvu zaidi. Nguvu nyingi kwenye ukingo mwembamba ni sawa na kubeba ndoo ya maji kwa waya: inakata kiganja. Ukiongeza unene, mzigo unaenea. Watafiti wanaopima mishiko ya vifaa vya mkono hupendekeza unene wa kama milimita 30 hadi 40 kwa mtu anayehitaji kushika kwa nguvu. Chini ya hapo vidole vinajikunja kupita kiasi, juu ya hapo havikutani vizuri na kidole gumba. Unene wa Moretti ulikuwa dawa ya uzito. Shika hilo, tutalirudia.

Porsche walikutana na uzito wa aina nyingine hapa kwetu. 911 ilishiriki Safari Rally mara nyingi miaka ya 70 na haikuwahi kushinda. Sobiesław Zasada alikuwa wa pili 1972, Björn Waldegård wa pili 1974, na mwaka 1978 Vic Preston Jr akaja wa pili kwa 911 SC huku Waldegård akiwa wa nne. (Waldegård alikuja kulipiza kisasi mwaka 2011, aliposhinda East African Safari Classic kwa 911.) Kwenye barabara ya mawe na mashimo, usukani usio na pawa stiringi haunong'oni, unapiga. Gurudumu likigonga jiwe, ukingo unaruka mkononi ghafla, na kidole gumba kilichozungushwa ndani ya duara kinaweza kuvunjwa na njiti ya usukani. Ndiyo maana madereva wa barabara mbaya hufundishwa kuweka vidole gumba juu ya ukingo, si ndani yake. Ukingo mwembamba unakushawishi kuuzungushia kidole, mnene unakuzuia kidogo.

Miaka ya 70 na 80 tupite haraka. Turbo ilitoka 1975, tairi zikapanuka, ngozi ikashonwa juu ya sponji, kitovu cha usukani kikafunikwa na pedi kubwa kwa ajili ya kifua cha dereva. Usukani ukawa mzito kuzungusha kuliko wa 1964, lakini bado ni mikono yako peke yake iliyofanya kazi.

Kisha mambo mawili yakaja karibu kwa pamoja. Kizazi kilichoitwa 964, kilichoanza kuuzwa kama modeli ya 1989, kilikuwa 911 ya kwanza yenye pawa stiringi, ya mafuta yenye shinikizo. Na mfuko wa hewa ukaingia ndani ya usukani. Mercedes-Benz ndio waliotangulia na mfuko wa dereva katika S-Class mwishoni mwa 1980, na Porsche wakafuata na 944 Turbo ya 1987 huko Marekani, gari la kwanza kuwa na mifuko ya dereva na abiria bila malipo ya ziada. Kwenye 911 mfuko ulifika 1990 kwa soko hilo hilo la Marekani.

Mfuko wa hewa si kitambaa tu. Ni baruti, chuma cha kuushikilia, nyaya, na mfuniko unaopasuka kwa mpangilio. Vyote hivyo vinafunguka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na kiunzi cha usukani lazima kihimili kishindo hicho bila kupinda. Usukani wa 964 wenye mfuko una kitovu kama sahani ya ugali na njiti nne nene. Sitausifu kwa uzuri. Lakini kabla yake kifua cha dereva kilikuwa kinakutana na chuma, na mimi nauchagua ubaya huo bila kusita.

Hapa ndipo historia inapogeuka kinyume. Pawa stiringi iliondoa uzito. Sababu ya Moretti ya kunenepesha ukingo ikafa. Kwa hesabu za uhandisi, ukingo ungeweza kurudi kuwa mwembamba kama wa 1963 na hakuna kiganja ambacho kingeumia. Haukurudi. Uliendelea kunenepa, kizazi baada ya kizazi, kwa kuwa mnunuzi alikuwa ameshajifunza kwamba usukani mnene ndio wa gari la mbio. Alama ikabaki baada ya kazi yake kwisha, kama ile picha ya diski tunayobonyeza kuhifadhi faili wakati diski zenyewe watoto hawazijui. Walioelewa hili vizuri ni wanunuzi wa 964 Carrera RS: Porsche waliondoa mfuko wa hewa, na kwenye mengi ya magari hayo wakaondoa pawa stiringi pia.

Kizazi cha 997, kilichotoka 2004, wengi hukitaja kama mwisho wa usukani wa kale, kwa kuwa bado kilitumia mafuta. Kilikuwa na aibu yake moja ndogo. Gia ya PDK ilipoingia 2008, vitufe vyake viliwekwa kwenye njiti, unasukuma kupanda gia na kuvuta kushuka, na karibu kila mwandishi wa magari alivilaani hadi Porsche wakaleta vipete vya kawaida nyuma ya usukani.

Mwaka 2011 ikaja 991, na tarakilishi yetu ikarudi kama nilivyoahidi. Pampu ya mafuta iliondoka, mahali pake pakaja mota ya umeme. Sensa inapima unazungusha kwa nguvu kiasi gani, programu inaamua mota ikusaidie kwa kiasi gani, na jibu linarudi mkononi mara nyingi kila sekunde. Mimi ninayeandika programu kwa riziki yangu naliona swali gumu hapo: mtetemo upi ni habari na upi ni kelele? Mtu mmoja ofisini ameandika kichujio, na kichujio hicho kinaamua utahisi nini barabarani. Tairi za mbele za Carrera S sasa zilikuwa na upana wa milimita 245. Bila kuchuja, zingekuchosha. Ukichuja sana, lile onyo la 1963 linapotea. Waandishi waliotoka kwenye 997 wakaingia 991 walilalamika kwamba mikono imezibwa masikio.

Sasa ongeza ukingo mnene juu ya hayo. Sponji nayo ni kichujio, humeza mitetemo midogo ya kasi kabla haijafika kwenye ngozi. Chini yake kuna nyaya za kupasha joto kwa wanaoishi kwenye theluji, na kwenye magari mengi ya sasa kuna sensa ya kujua kama umeshika usukani, kwa sababu kanuni namba 79 ya Umoja wa Mataifa inataka gari linalojishikilia kwenye njia yake lijue dereva yupo. Kila kimoja kinadai milimita yake.

Porsche wenyewe walilegeza upande wa kipenyo. 911 iliyoboreshwa 2015 ilikuja na usukani wa milimita 375, na ule wa GT uliolipiwa zaidi ukawa wa milimita 360, kwa mtindo wa 918 Spyder. BMW upande wao wamelaumiwa miaka mingi kwa unene wa usukani wa magari yao ya M, ambao mtu mwenye mikono midogo hauzungushii vidole, na nadhani lawama hizo ni za haki. Toyota walipoiboresha 86 kwa mwaka 2017 walijisifu kwa usukani wa milimita 362, mdogo kuliko wote waliowahi kufunga, bila kuugeuza gogo.

Na kwenu mnaovisha usukani kava za mtaani: kava nene kwenye gari lenye pawa stiringi inakupunguzia hisia tu, lakini kwenye gari la zamani lisilo nayo, kava iliyolegea huzunguka mkononi huku magurudumu yamebaki palepale. Ikianza kucheza, itoe siku hiyo hiyo.