Feni ya gari ikikata wakati wa masika: mambo ya kuangalia kabla ya kununua mpya

Masika yakiingia, kuanzia Machi hadi Mei, safari ya Kiwengwa hadi Mjini kupitia Kinyasini na Mahonda huwa na shida yake. Mvua inanyesha, vioo vimefungwa, kioo cha mbele kinashika ukungu, na feni ya ndani ya gari haipulizi. Dereva anafuta kioo kwa kitambaa huku ameshika usukani kwa mkono mmoja, na pembeni wanapita watoto wa skuli na wapanda baiskeli. Kwa hiyo feni hii si ya starehe tu.

Unguja hatuhitaji joto ndani ya gari kama wenzetu wa Njombe au Makete, lakini feni ni ileile. Kazi yake ni kusukuma hewa, iwe ya moto au ya baridi. Ukungu unatokana na pumzi na nguo zilizorowa: unyevu wake unagusa kioo kilichopozwa na mvua na kugeuka matone madogo. Hewa inayopita juu ya kioo ndiyo inayoyakausha.

Katika gari nyingi za Japani tunazotumia, feni iko nyuma ya kisanduku cha dashibodi, upande wa abiria wa mbele. Kabla ya kufungua chochote, soma dalili.

Inafanya kazi kwenye namba ya juu pekee. Mota ni nzima. Kilichokufa mara nyingi ni resista, kifaa kidogo kinachopunguza umeme ili feni izunguke taratibu. Namba ya juu kabisa haipitii kwenye resista, ndiyo maana inabaki. Gari zenye AC ya kujiendesha zenyewe hazina mfumo huu, basi fundi azipime kwa njia nyengine.

Haizunguki kabisa. Anza na fyuzi. Ukiweka mpya ikaungua tena, kuna shoti au mota imekwama. Usiweke fyuzi kubwa zaidi, wala usiunge kwa kipande cha waya. Fyuzi imewekwa iungue yenyewe kabla waya hazijashika moto.

Inaamka ukiigonga. Kaboni za ndani ya mota zimekwisha, au soketi imelegea.

Inavuma lakini upepo ni mdogo. Angalia chujio la hewa, kama gari yako inalo. Vumbi na majani huliziba.

Kwa sisi wa pwani kuna jambo la ziada. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi pamoja na unyevu huotesha kutu ya kijani kwenye shaba ya soketi. Umeme ukipita kwa shida, soketi hupata moto na plastiki huyeyuka. Ukifunga resista mpya kwenye soketi iliyoungua, haitadumu. Hali kadhalika mota iliyochoka: huvuta umeme mwingi na kuunguza resista ya pili kama ya kwanza. Mwombe fundi umeme aangalie vitu vyote vitatu, yaani resista, soketi na mota, kabla hujatoa pesa ya kimoja.

Feni ikikata ukiwa njiani, punguza mwendo na uwashe taa. Teremsha vioo viwili kidogo ili hewa yenye unyevu itoke, na weka kitufe cha hewa kwenye hewa ya nje, si ile inayozunguka ndani. Kama bado huoni mbele, tafuta pahala salama nje ya barabara, usimame mpaka kioo kisafike.

Ukifika kwa fundi, usimwambie tu kwamba feni imekufa. Mweleze inazunguka kwenye namba ipi, ilianza lini, na kama umesikia harufu ya kuungua. Maelezo hayo matatu yatamwonyesha pa kuanzia.